Bodaboda ya petroli au ya stima? Hesabu ya kufanya kabla ya kutia saini

HUKU kupanda na kushuka kwa bei ya petroli kukiendelea kuwakosesha usingizi wahudumu wa bodaboda nchini, swali moja limekuwa likizuka steji baada ya steji, kuanzia Kawangware jijini Nairobi hadi Likoni, Mombasa. Je, wakati umewadia wa kuipa kisogo pikipiki ya petroli na kukumbatia ile ya stima?

Wanaouza pikipiki za stima husema kuwa mhudumu ataokoa fedha kila siku, hatanunua oili ya injini wala plagi, na hatapumua moshi. Watetezi wa pikipiki kongwe, hasa Boxer ya kampuni ya Bajaj na HLX ya kampuni ya TVS, zote za India, hujibu kwamba mashine hizo zinajulikana na kila fundi na kwamba petroli hupatikana hata mahali ambapo lami haijawahi kufika.

Pande zote mbili zinasema kweli. Hata hivyo, ukweli wa muuzaji na ukweli wa shabiki haumsaidii sana kijana aliyesimama mbele ya duka akiwa na akiba ya arubuni mfukoni. Anachohitaji ni kujua mashine ipi itamwachia fedha zaidi mwisho wa siku katika njia anazopita yeye, kwa mkopo atakaoubeba yeye.

Ukichunguza suala hili kwa makini, utagundua kwamba mambo matatu ndiyo yanayoamua: umbali wa kituo cha kubadilisha betri, mwenye betri yenyewe, na deni. Bei ya petroli, ambayo ndiyo huzungumziwa zaidi, huja baada ya hayo.

Mkongwe aliyezoeleka

Jina bodaboda lilizaliwa Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, ambako waendesha baiskeli walikuwa wakiwavusha abiria na mizigo kutoka upande mmoja wa mpaka hadi wa pili tangu miaka ya sitini. Pikipiki zilichukua nafasi ya baiskeli baadaye, na idadi yake ikaongezeka kwa kasi baada ya serikali kuondoa VAT kwa pikipiki zenye injini isiyozidi cc250 mwaka wa 2008.

Tangu hapo, kazi hii imewalisha vijana ambao kilimo hakikuwatosha na ambao ofisi hazikuwa na nafasi yao. Imewafikisha wajawazito hospitalini usiku wa manane, na kuyapeleka maziwa, miraa na mboga sokoni kabla ya jua kuchomoza.

Mashine iliyofanya kazi hiyo haina mambo mengi. Ina silinda moja, hupozwa kwa hewa, na kaburata yake hufunguliwa na fundi aliyeketi chini ya mwembe akiwa na spana chache tu. Vipuri vyake huuzwa katika takriban kila kituo cha biashara. Mhudumu akiishiwa na petroli mbali na kituo, hukosi kumwona mtu anayeiuza kwa chupa kando ya barabara, ingawa biashara hiyo ni hatari na haramu.

Kuna faida nyingine ambayo haitajwi mara nyingi. Pikipiki ya petroli ni akiba. Mwenye nayo akipatwa na dharura, iwe ni karo au bili ya hospitali, anaweza kuipata fedha taslimu siku hiyo hiyo kwa sababu wanunuzi wa pikipiki kuukuu wako kila soko na kila mmoja anaijua thamani yake.

Mgeni aliyebisha hodi

Pikipiki za stima hazikuja ghafla. Kampuni ya Opibus, iliyoanzishwa mwaka wa 2017 na ambayo ilibadilisha jina lake kuwa Roam mwaka wa 2022, ilianza kwa kuyageuza magari ya petroli na dizeli yatumie stima kabla ya kuingia katika pikipiki. Ampersand, iliyoanza huduma zake jijini Kigali, Rwanda, mwaka wa 2019, iliingia Nairobi mwaka wa 2022. Spiro nayo ikafuata mwaka wa 2023, na mnamo Septemba 1 mwaka huo Rais William Ruto akazindua rasmi mpango wa pikipiki za stima jijini Mombasa.

Mwaka huo wa 2023 haukuwa wa kawaida. Mnamo Julai, VAT ya bidhaa za petroli ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi asilimia 16. Ilipofika Oktoba, Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli (EPRA) ilitangaza bei ya Sh217.36 kwa lita ya petroli jijini Nairobi, bei ambayo haikuwa imewahi kushuhudiwa nchini hadi wakati huo.

Serikali, kwa upande mwingine, ilikuwa ikimfungulia mlango mgeni. Sheria ya Fedha ya 2023 iliziweka pikipiki za stima katika kundi la bidhaa zinazotozwa VAT ya asilimia sufuri. Kuanzia Aprili mwaka huo huo, EPRA ilikuwa imeweka bei maalum ya stima ya kuchaji vyombo vya usafiri: Sh16 kwa uniti katika saa za kawaida, na Sh8 katika saa ambazo matumizi ya stima nchini huwa ya chini, kabla ya kuongezwa tozo na ushuru.

Sababu ya serikali kuwa na ukarimu huo iko wazi. Takriban asilimia 90 ya stima inayozalishwa nchini hutokana na mvuke wa ardhini kule Olkaria, mabwawa ya maji, upepo na jua. Petroli yote, kinyume chake, huagizwa kutoka ng'ambo na kulipiwa kwa dola. Isitoshe, usiku wa manane mitambo ya Olkaria huweza kuzalisha stima ambayo haina mtumiaji. Betri za bodaboda zikichajiwa saa hizo, hasara hugeuka kuwa mapato.

Kwa hivyo nchi ina sababu nzuri ya kutaka pikipiki za stima. Lakini maslahi ya nchi na maslahi ya mhudumu mmoja wa Kakamega au Kitui si lazima yafanane, na hapo ndipo kalamu na karatasi zinapohitajika.

Hesabu ya siku moja

Tuchukulie mfano wa mhudumu anayesafiri kilomita 120 kwa siku na kupata Sh1,200, yaani Sh10 kwa kila kilomita, zikijumlishwa zile anazokwenda bila abiria. Pikipiki yake ya petroli inatumia lita moja kwa kilomita 40 akiwa na mzigo. Atahitaji lita tatu. Lita moja ikiuzwa kwa Sh180, atalipa Sh540. Tuongeze Sh60 kwa siku za oili, plagi, klachi na malipo ya fundi. Jumla ni Sh600.

Mwenzake mwenye pikipiki ya stima anatumia betri ambayo, kwa mizigo na milima ya njia zake, inamfikisha kilomita 60. Atahitaji betri mbili. Kampuni ikimtoza Sh160 kwa kila betri, atalipa Sh320. Kwa kuwa mota ya stima haina oili, plagi wala klachi, tumwekee Sh20 tu za matengenezo, kwani breki, tairi na mnyororo bado huchakaa. Jumla yake ni Sh340.

Tofauti ni Sh260 kwa siku. Akifanya kazi siku 26 kwa mwezi, hizo ni Sh6,760, na kwa mwaka ni zaidi ya Sh81,000. Kwa familia ya kawaida, hiyo ni karo ya mtoto wa sekondari na zaidi. Hakuna haja ya kushangaa kwamba vijana wengi wa mijini wamevutiwa.

Petroli ikipanda, faida hiyo hukua. Kwa bei ya Oktoba 2023, lita tatu zingegharimu Sh652, na tofauti kati ya wawili hao ingefika Sh372. Lakini petroli hushuka pia. Kufikia Oktoba 2024, bei jijini Nairobi ilikuwa imeteremka hadi Sh180.66. Aliyefanya uamuzi akiitazama bei ya mwezi mmoja pekee alijidanganya.

Kituo kiko wapi?

Hesabu hiyo nzuri ina sharti moja ambalo mara nyingi halisemwi dukani. Inachukulia kwamba kituo cha kubadilisha betri kiko katika njia ambayo mhudumu angeipita hata hivyo.

Sasa tukisogeze kituo hicho kilomita nane nje ya njia yake. Kila anapobadilisha betri, anasafiri kilomita 16 kwenda na kurudi bila abiria. Kwa betri mbili, hizo ni kilomita 32. Katika zile kilomita 120 ambazo betri zake zinaweza kumpa, zinabaki 88 za kazi. Mapato yake yanateremka kutoka Sh1,200 hadi Sh880. Amepoteza Sh320 ili kuokoa Sh260.

Kwa mfano huu, kituo kikiwa mbali kwa zaidi ya kilomita sita na nusu, faida yote imeyeyuka. Idadi hiyo itabadilika kulingana na mapato na njia za kila mtu, lakini kanuni haibadiliki: betri ya bei nafuu iliyo mbali ni ghali kuliko petroli iliyo karibu.

Hiyo ndiyo sababu Kigali imeweza kwenda mbio. Tangu Januari 2025, Rwanda iliacha kusajili pikipiki mpya za petroli kwa ajili ya kubeba abiria katika jiji hilo, na zinazosajiliwa kwa kazi hiyo ni za stima pekee. Kigali ni jiji lenye eneo dogo, na vituo vichache vilivyopangwa vizuri huweza kulihudumia lote. Mhudumu wa Marsabit au Mwingi, ambaye abiria wake mmoja huweza kumpeleka kilomita 40 kwa safari moja, haishi Kigali.

Lipo pia suala la kupotea kwa stima. Mnamo Agosti 25, 2023, karibu nchi nzima iliingia gizani. Hali hiyo ilijirudia Novemba 11 na Desemba 10 mwaka huo huo. Kituo chenye betri zilizokwisha kuchajiwa huweza kuhimili saa kadhaa, lakini giza likidumu, betri zilizojaa humalizika, na foleni huanza. Kituo cha petroli chenye jenereta huendelea kuuza.

Nani mwenye betri?

Jambo la pili ni zito zaidi. Mtu anaponunua pikipiki ya petroli, anakuwa na tangi lake na uhuru wa kununua mafuta popote. Anaponunua pikipiki ya stima kwa mpango wa kubadilisha betri, ananunua chombo kisicho na betri. Betri hubaki kuwa mali ya kampuni, na pikipiki hiyo haiwezi kutumia betri ya kampuni nyingine.

Ni haki kusema kwamba mpango huo una manufaa yake. Betri ndiyo sehemu ghali zaidi ya pikipiki ya stima, na betri za lithiamu hupungua nguvu kadiri zinavyochajiwa mwaka baada ya mwaka. Kampuni inapoimiliki, hasara ya kuchakaa ni yake, si ya mhudumu. Bei ya kununua pikipiki pia huteremka, na betri hubadilishwa kwa dakika chache badala ya kusubiri saa kadhaa.

Lakini gharama ya manufaa hayo ni uhuru. EPRA hutangaza kila mwezi bei ya juu kabisa ambayo kituo cha petroli kinaweza kutoza, na anayeikiuka huadhibiwa. Bei ya kubadilisha betri hupangwa na kampuni yenyewe. Kilomita 120 huhitaji takriban uniti tano za stima. Kwa ile bei maalum ya Sh16 iliyotangazwa mwaka wa 2023, hizo ni Sh80 kabla ya tozo. Katika mfano wetu, mhudumu analipa Sh320.

Tofauti hiyo haimaanishi kwamba kampuni inaiba. Inalipia betri zenyewe, kodi ya kituo, wafanyakazi, riba ya mtaji na faida. Hata hivyo, inaonyesha kuwa sehemu kubwa ya bei hiyo haitokani na stima, na kwa hivyo stima ikishuka bei si lazima mhudumu aone nafuu. Kampuni ikiamua kuipandisha mwaka ujao, baada ya mhudumu kukwisha kununua pikipiki, hana mahali pengine pa kwenda.

Na iwapo kampuni itafunga biashara, au itakiondoa kituo cha mtaa wake kwa kukosa wateja wa kutosha? Mwenye pikipiki atabaki na magurudumu mawili na fremu. Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Ipo njia ya kati. Baadhi ya pikipiki, zikiwemo za Roam, zimeuzwa pamoja na betri inayoweza kutolewa na kuchajiwa kwenye soketi ya kawaida. Mhudumu anayelala penye stima ya uhakika huamka betri ikiwa imejaa. Lakini hapo atalipa bei ya kawaida ya mita ya nyumbani, atailipia betri tangu mwanzo, na siku itakapochoka, mzigo wa kuibadilisha utakuwa wake.

Kukopa harusi, kulipa matanga

Jambo la tatu ni deni, na hapa ndipo wengi hupotoka kwa kuchanganya maswali mawili yaliyo tofauti.

Swali la kwanza ni la kijana ambaye hana pikipiki. Yeye atakopa vyovyote vile. Analinganisha deni na deni. Kama anaishi mjini, vituo viko karibu na malipo ya siku ya mikopo yote miwili hayatofautiani sana, zile Sh260 ni zake, na pikipiki ya stima inamfaa zaidi.

Swali la pili ni la mhudumu ambaye tayari amemaliza kulipia Boxer yake na ina miaka kadhaa ya kazi mbele yake. Yeye analinganisha deni na mali. Tuchukulie anashawishiwa achukue pikipiki ya stima kwa arubuni ya Sh30,000 na malipo ya Sh450 kila siku kwa miaka miwili. Mwishoni atakuwa amelipa Sh358,500. Kwa siku anayofanya kazi anaokoa Sh260, lakini analipa Sh450. Kwa miaka miwili, kila jua linapochomoza, yuko nyuma kwa angalau Sh190.

Tena deni halipumziki. Mvua ikinyesha wiki nzima, mtoto akilazwa, au maandamano yakifunga barabara, petroli haimdai mtu ambaye hakuendesha. Mkopo humdai. Pikipiki nyingi za mkopo, ziwe za petroli au za stima, hufungwa kifaa cha kuzifuatilia, na asiyelipa huweza kuamka aipate yake imechukuliwa. Kwa pikipiki ya stima, mkopeshaji akishirikiana na mwenye betri, hahitaji hata kuitafuta. Betri ikinyimwa, pikipiki imesimama.

Kwa mwenye pikipiki kongwe isiyo na deni, ushauri wa busara ni kungoja. Aitumie mpaka gharama za ukarabati zianze kuzidi kile ambacho angeokoa. Kufikia siku hiyo, huenda vituo vimeongezeka na bei za betri zimeshuka. Kungoja hakumgharimu chochote ila kelele za wauzaji. Kipya kinyemi ingawa kidonda, lakini aliye na mkeka mzima hana haraka ya kuutupa.

Somo la mitungi ya gesi

Iwapo serikali inataka kweli vijana waiache petroli, haitoshi kuwapunguzia ushuru wenye kampuni. Kikwazo kikubwa ni kule kufungwa kwa mteja mmoja kwa betri ya kampuni moja, na Kenya ina uzoefu wake katika jambo kama hilo.

Kuna wakati ambapo kila kampuni ya gesi ya kupikia ilikuwa na mtungi na vali yake. Aliyenunua mtungi wa kampuni fulani alilazimika kuitafuta kampuni hiyo hiyo kila gesi ilipokwisha. Kanuni za mwaka wa 2009 zililazimisha matumizi ya vali ya aina moja na kuanzisha mfumo wa kubadilishana mitungi baina ya kampuni. Mama wa kijijini akaweza kuupeleka mtungi wowote kwa muuzaji yeyote.

Mfumo huo ulikuwa na kasoro. Mitungi ilipotelea mikononi mwa washindani, na wajazaji haramu wakapata mwanya. Kanuni mpya za mwaka wa 2019 zikaondoa ulazima wa kubadilishana, zikaiachia kila kampuni mitungi yake isipokuwa pale zilipokubaliana.

Betri inaweza kuepuka kasoro hizo. Tofauti na mtungi wa gesi, betri ya kisasa hubeba kifaa kinachoitambulisha, kinachoonyesha ilipo, na kinachorekodi ni mara ngapi imechajiwa. Kampuni zinaweza kujua betri ya nani imetumiwa na nani, kisha zikalipana, jinsi ambavyo M-Pesa na Airtel Money zilivyounganishwa mwaka wa 2018 ili mteja wa mmoja aweze kumtumia fedha mteja wa mwingine moja kwa moja.

Wala hili si jambo geni kwingineko. Kampuni nne kubwa za Japan, yaani Honda, Kawasaki, Suzuki na Yamaha, zilikubaliana mnamo Machi 2021 kuhusu viwango vya pamoja vya betri za kubadilishana. Mwaka huo huo, Honda na Yamaha zilijiunga na KTM ya Austria na Piaggio ya Italia katika muungano wenye lengo kama hilo barani Ulaya. Kama washindani hao wameona haja ya kuzungumza, hakuna sababu ya kampuni za Nairobi kushindwa.

Kampuni zitalalamika kwamba zimetumia mamilioni kujenga vituo vyao, na malalamiko hayo yana uzito. Anayejenga wa kwanza hapaswi kumjengea mshindani bure. Lakini suluhisho la hilo ni ada ya haki baina ya kampuni, wala si kumfunga mhudumu minyororo.

Kodi ya barabara itakuja

Kuna jambo jingine ambalo serikali haijalisema waziwazi kwa wahudumu, nalo linahusu barabara. Kila anayenunua petroli hulipa tozo ya kukarabati barabara, ambayo mnamo Julai 2024 ilipandishwa kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa lita. Mhudumu wetu wa lita tatu anachangia Sh75 kwa siku. Mwenzake wa stima anapita kwenye barabara hiyo hiyo bila kuilipa tozo hiyo.

Pikipiki za stima zikiwa chache, hakuna anayejali. Zikiwa nyingi, pengo litaonekana, na hakuna serikali inayoacha pengo la ushuru likae wazi kwa muda mrefu. Siku Sh75 hizo zitakapotafutwa kwa njia nyingine, ile faida ya Sh260 katika mfano wetu itabaki Sh185. Bado ni faida, lakini aliyechukua mkopo kwa kutegemea kila shilingi ya Sh260 atajikuta mashakani.

Kwa sababu hiyo, serikali ina wajibu wa kueleza mapema jinsi pikipiki za stima zitakavyochangia ukarabati wa barabara, na lini. Sheria za fedha hubadilishwa kila mwaka, lakini mkopo wa mhudumu huvuka mwaka hadi mwaka.

Aidha, EPRA, ambayo tayari imetoa mwongozo wa mwaka wa 2023 kuhusu vituo vya kuchaji na kubadilisha betri, inafaa kuzitaka kampuni zichapishe bei zao hadharani na kutoa ilani kabla ya kuzipandisha. Mteja wa petroli anaijua bei ya kesho kwa sababu hutangazwa tarehe 14 ya kila mwezi. Mteja wa betri hastahili kuigundua bei yake akiwa amesimama kituoni na betri tupu mkononi.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutia saini

Wakati serikali na kampuni zikiendelea kuvutana, mhudumu anaweza kujilinda kwa maswali machache. Kwanza, ni vituo vingapi viko ndani ya njia zangu za kila siku, na je, huwa na betri zilizojaa saa za jioni ambapo kila mtu anazitaka? Jibu la swali hili lisitoke kwa muuzaji. Litoke kwa wenzake walio kwenye foleni kituoni, saa moja ya jioni.

Pili, mkataba unasema nini kuhusu bei ya betri? Je, kampuni inaweza kuipandisha wakati wowote? Tatu, kampuni ikiondoka au ikifunga kituo, nitafidiwa vipi? Nne, je, ninaweza kuiuza pikipiki hii kwa mtu mwingine, na mnunuzi ataruhusiwa kutumia betri? Tano, jumla ya fedha nitakazolipa hadi siku ya mwisho ni ngapi, kando na ile bei iliyobandikwa dukani?

Vyama vya akiba na mikopo vya wahudumu vina nguvu ambayo mtu mmoja hana. Chama chenye wanachama mia mbili kikienda kwa kampuni ya betri, kinaweza kudai kituo kijengwe kwenye steji yao, kudai bei isiyobadilika kwa mwaka mmoja, na kudai kipengee cha fidia katika mkataba. Mhudumu anayekwenda peke yake hupewa karatasi na kuonyeshwa mahali pa kutia kidole.

Pikipiki ya stima ina nafasi yake nchini, na huenda miaka ijayo ikaitawala miji yote kama ilivyoanza kuitawala Kigali. Inatumia nishati ya nyumbani, haichafui hewa, na kwa mhudumu wa mjini anayeanza upya, inamwachia fedha zaidi. Lakini mhudumu wa mashambani, na yule ambaye tayari anaimiliki pikipiki yake bila deni, hawajachelewa wala si washamba kwa kuendelea na petroli. Wamepiga hesabu, na kwa sasa hesabu hiyo iko upande wao.

Itakapofika siku ambapo mhudumu ataweza kuingia kituo chochote, akabadilisha betri yoyote kwa bei inayojulikana, hakutakuwa na haja ya kampeni wala uzinduzi. Atakwenda mwenyewe.